Nguru huanza na mkia: mwongozo kamili wa kumvua kwa mshipi

Kila aliyewahi kumtafuta nguru anaijua hali hii. Mshipi unashtuka mara moja, kisha unalegea. Unauvuta mpaka chomboni, na kwenye ndoana unakuta kichwa cha kibua peke yake, kiwiliwili kimekatwa nyuma ya matamvua, mkato safi kama wa kisu cha bucha. Mgeni husema samaki amekosa. Hakukosa. Amefanya alichokusudia: amekata mkia ili windo lisikimbie tena, na sasa hivi yuko huko chini anageuka kuja kuokota vipande.

Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo moja. Nguru humjia windo kwa nyuma, kwa kasi, na meno yake yameumbwa kukata, si kushika. Ukizipanga zana zako kana kwamba unavua changu, utalisha nguru msimu mzima na nyumbani utarudi na vichwa vya vibua. Mimi nimevulia zaidi pande za Tanga na Mkondo wa Pemba, kwanza kwa ngalawa ya tanga, baadaye kwa boti ya faiba yenye mashine, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya huko. Lakini nguru wa Lamu, wa Mafia na wa bahari ya Oman ni huyohuyo, na tabia ni ileile.

Umjue kwanza

Tunayemsema hapa ni yule ambaye wataalamu humwita Scomberomorus commerson. Mrefu, mgongo wa kijivu unaoelekea buluu, ubavu wa fedha wenye michirizi myembamba iliyosimama. Alama isiyodanganya ni ule mstari wa ubavuni unaotoka kwenye matamvua kwenda mkiani: ukifika chini ya mwisho wa pezi la pili la mgongoni, unashuka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi. Yuko ndugu yake mwenye madoadoa na vistari vifupi vilivyolala badala ya michirizi iliyosimama. Huyo naye hula chambo kilekile, hivyo usisumbuke naye sana ukiwa baharini.

Wengi wanaoingia chomboni ni wa kilo 3 hadi 10. Anaweza kukua kupita mita 2 na kufika kilo 70, ingawa wa namna hiyo ni wa kuhadithiwa. Rekodi ya dunia kwa ufito na rili (gurudumu la kuzungushia mshipi) ni kilo 44.9, samaki aliyevuliwa Scottburgh, Afrika Kusini, mwaka 1982.

Jambo la pili la kujua kuhusu mwili wake ni kwamba hana kibofu cha hewa. Chewa anaweza kuning'inia mbele ya pango lake kutwa nzima bila kuchoka. Nguru akiacha kuogelea, anazama. Kwa hiyo yuko safarini muda wote. Humtafuti nyumbani kwake kwa sababu hana nyumba. Unatafuta njia anayopita, na njia hiyo huchorwa na chakula chake: vibua, simu (samaki wadogo jamii ya dagaa), dagaa, chuchunge, ngisi.

Wapi na lini

Chakula hicho hukusanyika pale maji yanapobanwa. Ukingo wa mwamba unapoangukia kwenye kina, mlango kati ya miamba miwili, ncha ya fungu ambapo mkondo hupinda: hapo samaki wadogo husukumwa pamoja na nguru hupita akikagua kama mlinzi wa zamu. Kina cha pima 10 hadi 25 (kama mita 18 hadi 45) ndicho ninachokipenda. Mkondo wa Pemba una sifa yake duniani kwa sababu kilindi kinaanza karibu mno na mwamba. Shimoni kwa upande wa Kenya, Nungwi na Leven Bank kwa upande wa Unguja, na milango ya Mafia ni sehemu za aina hiyohiyo. Watamu na Malindi wana yao pia.

Kabla hujashusha kitu chochote majini, tazama juu. Membe wakiwa wanazunguka na kuchupa, chini yao kuna samaki wadogo waliosukumwa juu, na aliyewasukuma ni mwenye meno. Usikate katikati ya kundi hilo na mashine. Pita pembeni, upitishe chambo kwenye ukingo wa vurugu. Nimeona boti moja ikiingia katikati kwa pupa, na ndani ya dakika mbili bahari ikawa shwari kama sinia, membe wakatawanyika, na sisi wote tuliokuwa jirani tukakaa tunatazamana.

Saa bora ni mbili: alfajiri mpaka jua likiwa la kimo cha mnazi, na tena kuanzia saa kumi jioni. Mchana wa jua kali hushuka chini zaidi. Anavuliwa, lakini kwa chambo kilichozamishwa. Kuhusu maji, nguru hapendi maji yaliyolala. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, huleta mkondo mkali na samaki wengi, ila pale mlangoni unaweza kukaza mpaka chambo kisikae sawa. Mimi huchagua siku mbili tatu baada ya bamvua, maji yakiwa bado yanatembea lakini yanavulika. Maji mafu kabisa, labda uende kwa sababu nyumbani hakuna mboga.

Kwa misimu, kaskazi ndiyo neema: kuanzia Novemba mpaka Machi bahari inafikika na maji ni maangavu. Kusi inapoanza kulegea, Agosti na Septemba, nguru huwa wapo pia na wavuvi wa mchezo wa ufito huanza kutoka. Aprili mpaka Julai, kusi ikiwa na nguvu zake na mvua za masika zikichafua maji ya karibu na mito, vyombo vidogo havina sababu ya kujipima.

Zana, kuanzia mkononi mpaka kwenye jino

Kwa mshipi wa mkono, chukua nailoni nzito ya unene wa milimita 1 hadi 1.2, mita 100 kwa uchache, iliyozungushiwa kwenye kibao au dumu dogo. Nene hivyo si kwa sababu ya uzito wa samaki, ni kwa sababu ya vidole vyako. Nailoni nyembamba chini ya nguru anayekimbia inakata nyama mpaka ionekane nyeupe. Kata vipande vya mpira wa tairi la ndani la baiskeli uvivalishe vidole viwili vya kila mkono. Mpira huohuo una kazi ya pili: kipande cha urefu wa mkono, kilichofungwa kati ya mshipi na taruma la chombo, hupokea ule mshtuko wa kwanza badala ya mdomo wa samaki kupasuka. Mdomo wa nguru ni laini kuliko unavyodhani.

Kwa ufito na rili, mshipi wa kubeba ratili 30 hadi 50 kabla ya kukatika unatosha kabisa, rili iwe inabeba mita 300. Breki uiweke kilo 3 au 4, si zaidi. Anayekaza breki ili "amwoneshe nguvu" ataonyeshwa yeye.

Kati ya mshipi na waya, weka nailoni ngumu ya mita 2 hadi 3, ya ratili 80 hivi, kwa ajili ya kushika samaki anapokuwa karibu. Hapo huja swiveli, kiungo kinachozunguka ili mshipi usijisokote. Nunua iliyo ndogo na imara, ya rangi nyeusi. Zile za kung'aa kama dhahabu nguru mwingine huzishambulia zenyewe akidhani ni dagaa, na mshipi unakatika hapo hapo. Pia usiifanyie ubahili. Niliwahi kununua mfuko mzima wa rahisi dukani, na nguru wa tatu wa asubuhi alinirudishia nusu ya swiveli, imefunguka kama kifungo cha shati. Zile nyingine zote nilizitupa njiani nikirudi, na bado nimekasirika.

Sasa waya. Hapa ndipo nguru wengi hupotelea, basi tukae kidogo.

Bila waya, nailoni ya ukubwa wowote ni suala la bahati tu. Lakini waya mnene nao humtisha, hasa kaskazi maji yanapokuwa maangavu. Kipimo cha kati ni waya mmoja usiosukwa, wa chuma kisichoshika kutu, namba 7 au 8, ambao hubeba takribani ratili 70 hadi 86. Urefu wa sentimita 40 hadi 50 unatosha kwa chambo hai. Kwa kuburura kwa kasi ongeza mpaka 60. Waya wa kusukwa ni laini kuufunga, lakini nguru akiuma nyuzi mbili tatu zake hufumuka, na huoni mpaka samaki mwingine auvunje.

Waya mmoja haufungwi fundo. Husokotwa, na namna yake ni hii:

1. Pitisha waya kwenye tundu la ndoana, ubakize ncha ya urefu wa kidole. Tengeneza kitanzi kidogo, ukishike kwa koleo.
2. Nyaya mbili zikiwa zimepishana kama herufi X pana, zisokote zote mbili pamoja mara nne au tano. Angalia: zote mbili zizungukane. Ikiwa mmoja umesimama wima na mwingine ndio unauzunguka, umekosea, na utachomoka chini ya uzito.
3. Kisha ncha ile fupi iinue isimame mraba na waya mrefu, uizungushe mara nne au tano, mizunguko ikigusana kama kamba ya mpini wa kisu.
4. Usiikate kwa koleo. Ipinde ncha kama mkono wa kusukumia rili, uizungushe mbele na nyuma mpaka ivunjike yenyewe. Ukiikata kwa koleo inabaki sindano, na sindano hiyo itakuchana kiganja siku utakayoushika waya samaki akiwa kando ya chombo.

Waya uliopata kikunjo usiunyooshe ukautumia tena. Unaonekana mzima lakini umeshavunjika moyo.

Ndoana ya nyuma

Turudi kwenye kile kichwa cha kibua. Kama nguru hukata nyuma, basi ndoana iliyo puani mwa chambo iko mahali pasipofika mdomo wake. Dawa ni kuwa na ndoana mbili. Ya mbele, moja ya ukubwa wa 5/0 au 6/0, kazi yake ni kumwongoza chambo. Ya nyuma ndiyo ya kuvulia.

Katika tundu la ndoana ya mbele, funga kipande cha pili cha waya, sentimita 12 hadi 20 kulingana na urefu wa chambo, na mwishoni mwake ndoana ya makucha matatu, ndogo lakini nzito. Ndogo, kwa sababu kubwa humlemea kibua akaogelea kama mlevi. Nzito, kwa sababu nyembamba hunyooka. Pima kwa kumlaza kibua kando ya zana: makucha yaangukie katikati ya pezi la mgongoni na mkia, karibu na mkia zaidi. Ukucha mmoja tu ndio unaoingizwa chini ya ngozi, kwa wepesi, ili ung'oke samaki anapouma.

Tofauti yake niliiona kwanza kwa nahodha mmoja mzee wa kwetu, ambaye hakuwa na ndoana za makucha. Alichukua ndoana mbili za kawaida akazifunga mgongo kwa mgongo kwa waya wa shaba. Sisi tulikuwa na zana za dukani. Yeye alishusha nguru saba siku hiyo, sisi mmoja.

Chambo

Kwa chambo hai, hakuna anayemshinda kibua wa ukubwa wa kiganja na nusu. Wavue asubuhi na mapema kwa mshipi wa ndoana ndogo nyingi zenye manyoya au vipande vya ngozi ya samaki, na uwahifadhi kwenye ndoo kubwa au pipa, maji yakibadilishwa kila baada ya dakika chache. Usiwashike kwa mkono mkavu. Ndoana ya mbele ipitishwe matundu ya pua au mdomo wa juu tu. Ukiifunga midomo yote miwili, hawezi kupumua na kwa robo saa amekwisha.

Kwa chambo mfu wa kuburura, chuchunge ni mfalme. Mwili mrefu, mng'avu, na ngozi ngumu. Vunja ule mdomo mrefu wa chini ili usishike maji. Mshike mgongoni kwa vidole, umbinye na kumkunja huku na huku mpaka uti wake ulegee. Hili watu hulipuuza, na chuchunge asiyelegezwa huenda kama kijiti. Ingiza ndoana kupitia matamvua, itokee tumboni, funga mdomo kwa waya mwembamba wa shaba pamoja na chubwi (uzito wa kuzamishia) dogo la gramu 10 hivi chini ya kidevu. Ndoana ya nyuma ifuate kama tulivyosema.

Kisha mjaribu. Mshushe kando ya chombo kikiwa kinakwenda, umtazame. Anapaswa kwenda moja kwa moja, akitikisa mkia. Akizunguka kama feni, mtoe umrekebishe: mara nyingi ndoana ya tumboni imekaa upande, au tundu lake ni dogo mno na linamkunja. Chambo kinachozunguka hakiliwi na samaki, na kitakusokotea mita 50 za mshipi ambazo utazifumua mpaka adhuhuri.

Chambo bandia nacho kina siku zake. Vile vya umbo la samaki vyenye ulimi wa plastiki unaovizamisha, ambavyo pwani nzima huviita Rapala hata vikiwa vya kampuni nyingine, ni vizuri kwa kutafuta samaki waliotawanyika, maana unaviburura haraka na kufunika eneo kubwa. Urefu wa sentimita 14 hadi 18, rangi ya vibua au nyekundu na nyeupe. Kijiko cha chuma king'aacho nacho hakijazeeka. Na wale wasio na hela ya dukani wana yao: manyoya meupe ya kuku, au kamba ya plastiki iliyofumuliwa nyuzi, imefungwa juu ya ndoana ndefu yenye chubwi kichwani. Nguru wengi wa ngalawa wamevuliwa hivyo, na ukiongeza kipande chembamba cha tumbo la samaki kwenye ndoana, kinazidi hata vya dukani.

Kuburura

Mwendo hutegemea chambo. Chambo bandia huvutwa kwa noti (maili za baharini kwa saa) 5 hadi 7; chuchunge noti 3 hadi 5; kibua hai noti 1 au 2, yaani mashine ikiwa imeshikwa chini kabisa, au kuzimwa na kuwashwa. Ngalawa yenye upepo wa wastani hupata mwendo wa chuchunge bila kutumia hata tone la petroli, na haina mngurumo. Sijui kwa nini watu wanaiona ngalawa ni zana ya masikini.

Mishipi miwili inatosha wavuvi wawili. Mitatu kwa wanaoelewana. Mmoja mita 20 nyuma ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, wa pili mita 35, wa tatu mita 50 na zaidi ukiwa na chubwi la gramu 200 hadi 300 lililofungwa mita kadhaa mbele ya waya ili ushuke chini. Huo wa chini ndio unaookoa mchana. Unapogeuka, geuka kwa duara pana. Mishipi ya upande wa ndani hupunguza mwendo na kuzama, ya nje huongeza. Ukiona kila ukigeuka ndiyo unapigwa, samaki anakuambia kina au mwendo anaoutaka. Zingatia ni mshipi upi.

Usiburure kwa kukata mwamba katikati. Ufuate ukingo, ukiuvuka kwa mshazari, ukipita mara kwenye maji ya kijani, mara kwenye ya buluu. Na ulipopigwa mara moja, weka alama kwa GPS au kwa kulinganisha vitu viwili nchi kavu, mnazi na mnara, kilima na paa la msikiti, kisha urudi. Nguru wa kilo 4 na 5 hutembea kwa makundi. Wakubwa huwa wapweke.

Sasa, chambo kikipigwa kisha mshipi ukalegea, usiuvute kukagua. Hapa ndipo kile nilichosema mwanzo kinapokulipa. Legeza. Achia mita 5 au 10 za mshipi kana kwamba windo limejeruhiwa na linazama, hesabu mpaka tano, kisha anza kuvuta taratibu. Anayerudi kuokota kipande atakikuta kinashuka kama alivyotarajia. Katika mapigo matatu yaliyokosa, moja hurudi kwa namna hii.

Kuelea na chambo hai

Ukishajua wanapita wapi, zima mashine juu ya mkondo, uache chombo kielee kuvuka ukingo. Kibua mmoja juu, ameshikiliwa na puto au kipande cha boya mita 4 juu yake; mwingine chini na chubwi dogo. Mwagia maji vipande vidogo vya dagaa, kidogo kidogo, konzi moja kila dakika mbili. Ukimwaga ndoo nzima, watashiba huko nyuma yako.

Kibua atakuambia kabla. Ataanza kutetemeka, kukimbia juu, pengine kuruka nje ya maji. Hapo weka mkono kwenye mshipi na usifanye kingine chochote. Nguru akichukua, breki iwe nyepesi, mwache akimbie sekunde mbili tatu, kisha kaza pole pole. Hakuna haja ya kuutikisa ufito kwa nguvu. Mwendo wake mwenyewe unazichomeka zile ndoana za makucha. Anayepiga kwa nguvu huzing'oa.

Mpaka chomboni

Mbio ya kwanza ya nguru ni mita 60, 80, hata 100, karibu na uso wa maji, moja kwa moja. Mwache. Kwa mshipi wa mkono uuachie upite juu ya mpira wa vidole, na mshipi uliobaki uwe umelala sakafuni kwa duara safi, hakuna mguu ndani yake. Usiuzungushe mshipi mkononi, hata kwa samaki mdogo. Hata kwa nukta moja.

Baada ya mbio ya pili huchoka upesi kuliko jodari. Kosa la kawaida ni kulegeza pale anapogeuka kukujia. Ndoana ndogo zinahitaji mvutano wa wakati wote. Vuta kwa kipimo, mashine ikisogea mbele kidogo ili asipite chini ya chombo. Ukimwona ubavu, atakuona naye, na atakimbia mara ya mwisho. Jiandae kwa hilo.

Mtu mmoja ashike waya kwa glovu, mwingine awe na ndoana ya mpini. Umchome mabegani, nyuma ya kichwa, kwa mwendo mmoja wa kumwinua na kumwingiza. Ukimchoma tumboni unaharibu nyama, na ukimchoma mkiani anajisokota mpaka ajing'oe. Kabla ya kumgusa, kirungu kimoja juu ya macho. Kisha ndoana itolewe kwa koleo. Meno ya nguru aliyekufa yana ukali uleule. Kovu la kidole gumba changu cha kushoto ni la samaki aliyekuwa amekufa nusu saa.

Barafu kabla ya picha

Nguru ni wa jamii moja na jodari, na nyama yake ikikaa kwenye joto hujenga histamini, sumu ambayo moto hauiondoi. Ukimkaanga, ukimpaka nazi, ukimfanya ng'onda, inabaki palepale. Anayeila hutokwa na wekundu usoni, kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio. Nyama ikiwasha ulimi kama pilipili wakati hukutia pilipili, tema.

Kwa hiyo: kata matamvua pande zote mbili akiwa bado na uhai, mwache avuje damu ndani ya ndoo ya maji ya bahari dakika chache, toa utumbo, kisha mlaze kwenye barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, sehemu mbili za barafu kwa moja ya maji. Uji huo wa barafu humpoza haraka kuliko mabonge makavu, kwa sababu humgusa kila mahali. Ukiwa na ngalawa na huna sanduku la barafu, dumu la lita 20 lililokatwa mdomo na kuvikwa gunia bichi ni bora kuliko samaki kulala juani mpaka ufike dikoni. Mchuuzi anayejua kazi atabonyeza nyama na kutazama jicho, na bei utaisikia hapo.

Wadogo, na mipaka

Nguru hufikia kuzaa akiwa na takribani sentimita 80 kutoka pua hadi kwenye panda la mkia, samaki wa karibu kilo 4. Oman wameweka sheria: ni marufuku kumvua kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba kila mwaka, na aliye chini ya sentimita 65 haruhusiwi kuchukuliwa. Kwetu nimezoea kuweka alama ya sentimita 80 kwa rangi kwenye ubao wa ndani wa chombo. Aliye chini yake, kama ndoana imemshika mdomoni tu, humrudisha bila kumwinua, koleo likimfungua kando ya chombo. Kwa vile lazima aogelee ili aishi, msukume kichwa kwanza kama mkuki, usimwachie alale. Aliyekwisha kuvuja damu matamvuani mchukue, hawezi kuishi.

Hakikisha leseni ya uvuvi iko hai na ujue mipaka ya hifadhi. Watamu na Malindi zina hifadhi tangu 1968. Kisite karibu na Shimoni hairuhusu kuvua kabisa ingawa Mpunguti jirani yake huruhusu uvuvi wa jadi. Mafia ina kanda zake tangu 1995. Waulize BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) wa hapo kabla ya kushusha mshipi, ni maneno ya dakika mbili.

Ukirudi

Suuza rili, ndoana na swiveli kwa maji matamu. Pitisha mita 5 za mwisho za mshipi kati ya kucha zako mbili. Kila mahali unapokwaruza, kata, hata kama ni mshipi wa jana. Waya wa leo utupe wote kwenye kopo, usiuache ufukweni kwa miguu ya watoto. Kisha kaa barazani na taa, usokote nyaya sita mpya, kila moja na ndoana yake ya nyuma, uzitundike kwenye kipande cha sponji la godoro. Alfajiri mikono huwa baridi, na nguru wa kwanza hangojei umalize kusokota.